Kivuko cha Tembo

"Zimeni, jamani, wanakuja!" Mama Tingatinga, dereva wa tingatinga la mgodi, alisema redioni, na malori yote ya mgodi yakazimwa. Hata dereva mmoja mbishi, aliyezoea kumtania kwamba ameolewa na tembo, alizima.

Kiongozi wa kundi la tembo, jike mzee, akaingia kwenye kivuko cha chini ya barabara, kile ambacho Mama Tingatinga alikipigania mpaka sauti ikamkauka. Wenzake wakafuata, na ndama kashika mkia wa mama yake.

"Wakwe zako wamevuka, dada! Teleka chungu!" dereva akapiga kelele. Mama Tingatinga akacheka huku machozi yakimtoka.

Ng'ambo, jike mzee akafika kwenye mto uliokauka. Akachimba mchanga kwa mguu kama alivyozoea, akazamisha mkonga, akavuta. Likatoka vumbi. Akachimba tena, chini zaidi.

Katika ukimya ule ndipo wote wakaisikia pampu ya mgodi, ikinyonya maji ya ardhini.

"Na hiyo izimwe, bosi," Mama Tingatinga akaomba.

"Hiyo haizimwi, mama," msimamizi wa mgodi akajibu redioni kwa upole. "Shimo litajaa maji."

Ndama akatia mkonga mdomoni mwa mama yake, akapapasa, akautoa mkavu. Akautia tena.