Mbeba Uchovu

Siku hizo uchovu wa mtu ulihamia kwa mwingine kwa kushikana mikono tu, na kazi ya Leokadia ilikuwa kubeba uchovu wa nyumba ya mwajiri wake. Jumamosi zamu ya sala za jumuiya ilipofika kwake, hakuweza hata kuinuka mkekani kuwakaribisha majirani.

“Mtu si punda,” alisema Mama Perpetua, mwenyekiti. “Tugawane uchovu wake, kila mmoja kidogo.”

“Mimi mnipunguzie, kesho nina palizi,” alitania mzee Ponsiano, lakini ndiye aliyetangulia kunyoosha mkono.

Wakaondoka wakijikokota. Jioni ile, kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili, Leokadia alimwogesha mwanawe mwenyewe, wakarushiana maji na kucheka.

Jumatatu mwajiri alimwona akipanda ngazi mbio.

“Leo umepata wapi nguvu?”

“Wenzangu wa jumuiya, mama. Waligawana uchovu wangu.”

“Mungu awabariki,” alisema mwajiri, kwa moyo kabisa. Akawaita wageni wake watatu waliochoka na safari, wakamshika Leokadia mkono kwa zamu mpaka akaketi kwenye ngazi.

“Na hiyo jumuiya yenu,” mwajiri aliuliza kwa upole, “hukutana kila wiki?”