Mahadhi ya Besarabia

Walipofika ubeti wa mwisho wa wimbo, sinagogi zima liligeuka kuutazama mlango, kuilaki Sabato kama bibi harusi. Na walikuwa wanaimba! Noemí Sclar, mwongoza sala, nusura sauti impotee kwa furaha. Ijumaa zote zilizopita aliimba peke yake, wengine wakikohoa.

Sala ilipokwisha, Mama Perla, mwenyekiti wa kamati, alimvaa kabla hajavua hata shali.

"Wewe binti, tulikwambia nini? Mahadhi mapya basi! Ukituletea mengine, kuongoza unaacha."

"Mbona ulikuwa unaimba, mama? Nimekuona, mpaka mabega yanacheza."

"Ndiyo maana nauliza. Umeyatoa wapi?"

Alikuwa ameyatunga Jumanne, jikoni kwake, akikaanga nyama. Lakini kuongoza sala ndiyo roho yake. Uongo ukamtoka kabla hajauzuia.

"Ya zamani hayo. Ya Besarabia, nchi ya mababu."

Kwenye meza ya mvinyo na mkate, vichwa vikamgeukia Mzee Zalman Fuks. Katika mtaa wote wa Villa Crespo, ni yeye pekee aliyebaki kati ya waliozaliwa Besarabia, na kwa mambo ya huko kauli yake haikupingwa. Mzee akaweka chini kipande chake cha samaki. Noemí akaanza kuaga moyoni.

"Hebu rudia mwanzo," mzee akasema.

Akaimba. Mzee akafumba macho. Chozi likamteremka mpaka ndevuni.

"Baba yangu," akasema. "Kila Ijumaa akitoka kuoga, ndevu zinachuruzika maji, anayaimba hayo njia nzima. Kijiji chote kinamsikia. Ila wewe, binti, mwishoni unayaburuta. Baba aliyakimbiza!"

Mama Perla akajishika kifua. "Mnaona? Haya ndiyo mahadhi! Si vile vinyimbo vyake vya redioni. Ijumaa ijayo tunayarudia, kwa mwendo wa babake Zalman."

Meza ikapigwa, wimbo ukaanza upya, mbio mbio. Noemí akamwinamia mzee, kachanganyikiwa.

"Kumbe kweli yapo? Basi mimi niliyaokota wapi?"

Mzee alikuwa anamtoa samaki wake miiba.

"Ukitunga mengine, sema ni ya Odesa," akanong'ona. "Nitamtaja mjomba. Baba yangu alizaliwa bubu."