Nguzo ya Kumi na Mbili

Nguzo kumi na moja za chuma za soko jipya zilikwisha kufungwa waya wa shaba unaoshuka ardhini. Fundi Zawena akapiga goti kwenye ile ya mwisho, akaanza kuikwangua rangi.

"Dada, hapo ndipo atakaposimama mgeni rasmi!" msimamizi Kitwana alilalamika. "Si uufunge juu ya rangi tu?"

"Rangi itaizuia radi, Bwana Kitwana. Ikikosa njia ya kwenda ardhini, itapita kwa watu."

Akakwangua mpaka chuma kikang'aa, akakaza waya. Alipoondoka tu, Kitwana akalifunika kovu lile kwa kitambaa cha mapambo.

Hotuba ya ufunguzi ikiwa katikati, mvua ikashuka. Radi ikalipiga paa kwa kishindo kilichotikisa meno. Watu wakajitazama mikono, wakajipapasa vifua, kisha wakatazamana. Hakuna aliyeguswa.

Nyuma ya umati, Zawena aliinua kidevu, ovaroli yake ikiwa bado na vumbi la rangi. Kitwana aliiendea nguzo ya kumi na mbili mbele ya mgeni rasmi, akakiondoa kitambaa taratibu.