Udongo Usioguswa

Khalaf aligonga udongo kwa sururu yake ndogo, akatega sikio.

"Huu haujaguswa tangu enzi za wafalme wa Ninawi," alisema. "Sabha hayupo hapa, Mama Nawaf."

Mama Nawaf alimshukuru Mungu, akamkatia mkate wa tanuri. Tangu msimu wa uchimbaji wa mabaki ya kale uanze, alifika kilimani kabla ya wachimbaji na kuondoka baada yao. Mkeka wake aliutandika palepale, kando ya shimo. Sote tulimhurumia, Mungu atusamehe.

Mwanawe, Nawaf, alibeba karai za udongo. Mkewe Sabha alipotea miaka saba iliyopita, wenye bunduki walipoushika mji, na watu walisema hao ndio waliomfukia kilimani hapa. Mara ya mwisho alionekana akifua uani kwa mama mkwe. Nawaf aliapa hatalala tena chini ya paa lile, wala hataoa, mpaka amzike mkewe kwa heshima.

Tegemeo lake lilikuwa Khalaf. Wachimbaji wa mji wa Shirqat hurithishana kazi hii baba kwa mwana. Udongo uliowahi kuchimbwa na kufukiwa, hata kama ni miaka elfu mbili nyuma, ulimjibu Khalaf kwa sauti nyingine.

"Na pale?" Mama Nawaf alinyoosha kidole.

"Pale nilipima jana! Mama, wewe unanichosha kuliko mke wangu."

"Pima tena, mwanangu. Nataka Nawaf asikie kwa masikio yake."

Akapima tena. Alikimaliza kilima chote hatua kwa hatua, akiuzunguka ule mkeka kwa adabu. Nani angemwinua mama mtu mzima? Siku ya mwisho alimshika Nawaf bega.

"Ndugu yangu, wallahi, hakuna kaburi jipya hapa. Kesho tunafukia mashimo. Rudi kwa mama yako."

Nawaf alilia mbele ya watu bila haya. Halafu akatua karai, akambusu mama yake mkono, akashika njia ya nyumbani aliyoisusa miaka saba.

Mama Nawaf alisubiri wote wateremke. Akakunja mkeka wake, akaukanyagakanyaga udongo uliokuwa chini yake.

"Umesikia, Sabha?" alisema. "Nilikwambia atarudi kwangu."