Gari Lisilonguruma

Saa nne asubuhi kioo kipya cha nyuma cha gari kilikuwa kimeshashika gundi. Vipande vya kile cha zamani bado vilimetameta sakafuni uani kama chumvi ya mawe, na shemeji mtu alikuwa akivifagia. Begi lake lilikuwa mlangoni. Jana kaka yake alimfukuza, maana mke wa kaka huyo alisema ngazi aliyoiegemeza shemeji vibaya ndiyo iliyoliangukia gari.

“Usininunie, shemeji,” alisema akiwa ameinama nyuma ya gari. “Nikiondoka, sukari yenu itadumu.”

Mwanamke huyo, mke wa kaka yake, pale barazani, hakuweza kucheka.

Fundi aliyebandika kioo aliingia garini ajaribu nyaya za kukipasha joto. Akabonyeza kitufe cha kuwashia gari, hakusikia kitu. Akatia rivasi, kimya vilevile.

“Bosi, hii haibridi yako ya petroli na umeme imezimika,” alimwambia kaka mtu aliyesimama kando, akaondoa mguu kwenye breki.

Gari likaanza kurudi nyuma taratibu.

“Kanyaga breki!” mwanamke alipiga ukelele. “Limewaka hilo! Hata mimi jana nilidhani nimelizima, likaifuata ngazi!”

Fundi akakanyaga. Taa nyekundu zikamulika magoti ya shemeji.

“Likaifuata ngazi?” mumewe aliuliza.

Mwanamke alishuka barazani, akauchukua ufagio mikononi mwa shemeji yake.