Benchi la Nyuma

Kengele ya pili ikilia, Mama Ndeshi aliwavalisha wahudumu wake wapya wa mlangoni vitambaa vya njano shingoni.

"Mkishakaribisha watu msitawanyike," aliwaambia. "Tutakaa pamoja, benchi la nyuma."

Wakatazamana. Benchi lile lilikuwa la waliotengwa na kanisa, na siku hizi lilikaliwa na Aikande peke yake, binti aliyezaa kabla ya ndoa.

"Mama, watu si watatucheka?"

"Wacheke. Kaeni."

Mzee wa kanisa, Mzee Kirenga, alikuja akinong'ona kwa hasira. "Mkikaa hapo, Aikande atakaa wapi?"

"Uliniambia niwapange wahudumu, nimewapanga. Hayo mengine ni yako, mzee."

"Kanisa lina utaratibu wake!"

"Na nafasi pia linazo." Akajibana katikati ya wenzake hata pakakosekana pa kuweka kitabu cha nyimbo.

Aikande aliingia macho chini kama kawaida yake, mtoto mgongoni. Alipofika kwenye benchi lake, akakuta vitambaa vya njano vimelijaza. Akasimama.

Mama Ndeshi hakusogea hata kidogo.

"Karibu, mwanangu," alisema kwa sauti iliyofika madhabahuni. "Huku kumejaa. Pita mbele."

Kanisa zima likageuka. Kule mbele, mke wa Mzee Kirenga akauinua mkoba wake uliokuwa umekalia nafasi, akaupakata.