Mchongezi wa Wodi ya Wanawake

"Jana jioni kuna mtu alimfungua mgonjwa bandeji, kisha akamshika mwingine kwa glavu zile zile," alisema Daktari Lutfunnahar. "Simtaji. Ila mchezo huu ukiendelea, msimamizi wa wodi ataachia nafasi yake."

Msimamizi alikuwa Shefali. Aliinamisha macho, na moyoni akaapa kumpata huyo anayepeleka maneno.

Jana jioni daktari mwenyewe alikuwa Dhaka kwenye mkutano! Ameonaje? Tangu ateuliwe daktari mkuu mwezi uliopita, hakuna asubuhi aliyokosa la kusema. Mishono yenye usaha ilikuwa imepungua, hilo Shefali hakuweza kulikataa. Lakini wauguzi hawakunywa tena chai pamoja, na aliyecheka alitazamwa kwa jicho la pembeni.

"Ni Moyna," Shefali alimnong'oneza muuguzi mwenzake, Rehana.

"Moyna mpiga deki? Dada, yule hata salamu humtoka kwa shida."

"Ndio hao hao! Mtu haongei, lakini kila uendako yuko nyuma yako na tambara lake. Unadhani anafuta nini muda wote huo?"

Kuanzia hapo Moyna hakupata raha. Akikaribia, watu walinyamaza. Akiweka ndoo, ilihamishwa. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu, na hakumjibu mtu. Ukimya huo ndio uliomtia Shefali shaka zaidi, maana mtu asiye na hatia, kwa maoni yake, angetukana.

Siku moja mchana Shefali alifungua kidonda cha Kohinur, msichana aliyejifungua kwa kupasuliwa. Kilikuwa kimeanza kutoa usaha. Alikifunga haraka, akageukia kitanda cha pili, alikolazwa mama yake mzazi, Bi Jobeda, aliyevunjika nyonga. Akamkaza bandeji iliyolegea.

"Umenawa, mwanangu?"

"Mama nawe! Umeshakuwa daktari mkuu?"

Akavua glavu, akaenda kumletea khichuri ya mchele na dengu aliyoipika nyumbani, bado ya moto. Alipomlisha alimwaga yote yaliyokuwa rohoni, kama alivyofanya kila siku.

"Kesho Moyna anafukuzwa. Nimemwambia daktari kwamba anaiba sabuni za wodi."

"Anaiba kweli?"

"Mama, mimi nikivuliwa usimamizi, dawa zako zitatoka wapi?"

"Nimekuuliza, anaiba?"

Shefali alicheka. Bi Jobeda akaisukuma sahani. Alisema ameshiba, ingawa alikuwa amekula matonge mawili tu, kisha akageuza uso upande wa Kohinur, aliyekuwa akitetemeka kwa homa huku mtoto wake akilia.

Kesho yake Shefali aliwahi kuliko wote. Alitaka amkamate Moyna kwa macho yake, akinong'ona, ili daktari naye aone aibu ya kuendesha hospitali kwa umbea. Alijibanza nyuma ya pazia wanapoogeshewa wagonjwa, akashikilia simu tayari kurekodi.

Moyna alikuwa anapiga deki karibu na mlango. Daktari Lutfunnahar aliingia peke yake, bila koti jeupe. Shefali akaanza kurekodi.

"Habari za asubuhi, Moyna," alisema daktari, akampita.

Alisimama kwa Kohinur, akamgusa paji la uso, akasikitika waziwazi. Halafu akavuta kigoda hadi kitanda cha pili, akaketi, akaushika mkono wa Bi Jobeda kwa mikono yake miwili.

"Haya, Bi Jobeda. Jana alikuwa nani?"

"Yule yule, daktari. Shefali wangu," alisema Bi Jobeda, machozi yakimtoka. "Na leo usinionee huruma tena. Mtaje jina."